Mashine Inanguruma, Brashi Imegoma

Jumapili moja jioni dada yangu mdogo alinipigia simu kutoka mtaa wa South B, Nairobi. Hata salamu hakunipa. "Kaka, vakyumu imekufa."

"Haingurumi hata kidogo?"

"Kunguruma inanguruma. Ni ile brashi ya chini ndiyo imesimama. Inasukuma makombo huku na huku kama ufagio ulioisha."

Nikamwambia basi haijafa. Alikuwa ameshamtumia fundi mmoja wa mjini picha kwa simu, na fundi, bila kuigusa mashine, akamjibu anunue kichwa kipya kwa bei iliyokaribia nusu ya pesa alizonunulia mashine nzima. Huenda fundi alikuwa amepatia. Lakini alikuwa akibahatisha, tena akibahatisha kwa mfuko wa mtu mwingine. Nilimwomba dada anipe saa moja kabla hajatoa hata shilingi.

Makala haya ni ile saa moja, pamoja na mambo mengine niliyojifunza kwa kuharibu mashine zangu mwenyewe.

Mashine mbili, betri moja

Ukitaka kuuelewa ugonjwa huu, achana kwanza na dhana kwamba kifyonza vumbi cha betri ni mashine moja. Ni mbili. Ya kwanza iko juu, karibu na pale unaposhika: mota yenye feni inayozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Hiyo ndiyo sauti unayoisikia, na kazi yake ni kuvuta hewa, basi. Ya pili iko chini, ndani ya kichwa kinachotambaa sakafuni. Ni mota ndogo inayozungusha brashi kwa mkanda wenye meno au kwa gia. Kwenye mashine nyingine mota hiyo imefichwa ndani ya brashi yenyewe, kama nyama ndani ya sambusa.

Kati ya hizo mbili kuna bomba, na ubavuni mwa bomba zimepita nyaya mbili nyembamba zinazoteremsha umeme kutoka mwilini hadi kichwani. Pale vipande vinapoungana, yaani mwili na bomba, kisha bomba na kichwa, nyaya hazikufungwa pamoja. Zinakutana kwa pini za chuma zinazogusana tu, kila upande ukimtegemea mwenzake asirudi nyuma. Chini kabisa kuna shingo, ile sehemu inayopinda unapoingiza kichwa chini ya kochi, na nyaya zinapita humo zikipindwa kila unapopindisha mkono.

Zamani haikuwa hivi. James Murray Spangler, mfagiaji wa duka kubwa mjini Canton, Ohio, ambaye vumbi la kazini lilikuwa likimsumbua kwa sababu ya pumu, alipata hataza ya mashine yake ya umeme mwaka 1908. Ndani yake mota moja ilizungusha feni na brashi pia, kwa mkanda. Haki za mashine hiyo zikanunuliwa na akina Hoover, na mpangilio huo ukatawala vifyonza vumbi vya kusimama kwa miaka mingi. Ule mkanda ukikatika, ulijua la kufanya. Lakini ukiiweka mota juu na brashi chini, na katikati bomba la karibu mita moja, huwezi tena kupitisha mkanda. Ndipo brashi ikapewa mota yake, na mota ikapewa nyaya, na nyaya zikapewa pini. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kugoma peke yake huku mashine ya juu ikinguruma kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo mngurumo hauthibitishi lolote kuhusu brashi. Unathibitisha kitu kimoja tu, nacho ni habari njema: betri ina uhai na swichi inashika.

Kabla hujaendelea, chomoa kichwa na uangalie mdomo wake unaoingia kwenye bomba. Ukiona pini au vibati viwili vya chuma, uko mahali pake. Usipoona chuma chochote, brashi yako haiendeshwi kwa umeme, bali kwa upepo unaovutwa, unaozungusha kifeni kidogo ndani ya kichwa. Hiyo dawa yake ni nyingine kabisa: mwaga kidebe cha vumbi, safisha chujio, chungulia bomba kama halijaziba soksi ya mtoto. Upepo ukirudi, brashi inarudi. Wengine tuendelee.

Chemsha chai kwanza

Mota ya umeme ina tabia moja ya ajabu: ikizuiwa hula zaidi kuliko ikiachwa ifanye kazi. Inapozunguka, yenyewe hujizalishia umeme unaosukumana na ule unaoingia, na msukumano huo ndio unaoipunguzia ulaji. Ikikwama, msukumano unatoweka. Kinachobaki kuuzuia umeme ni ukinzani wa waya wa shaba uliosokotwa ndani yake, nao ni mdogo.

Chukua mfano wa mota ya wati 30 kwenye betri ya volti 21.6, yaani seli sita za lithiamu, kila moja volti 3.6. Ikizunguka vizuri inakula ampea 1.4 hivi. Ikikwama itadai mara kadhaa ya hizo. Na joto halifuati hesabu hiyohiyo: mkondo ukipanda mara tatu, joto kwenye waya linapanda mara tisa. Sasa fikiria joto hilo ndani ya kichwa cha plastiki kilichofungwa pande zote. Bila kizuizi, harufu ya kuungua ingefika jikoni kabla hujajua kuna nini.

Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wameweka mlinzi. Kwenye mashine nyingine mlinzi ni sakiti inayopima mkondo na kuukata papo hapo ukizidi, ikiacha feni ya juu iendelee. Kwenye nyingine ni kifaa kidogo ambacho kikipata joto kinakataa kupitisha umeme, na kikipoa kinaruhusu tena. Kwa vyovyote, brashi iliyosimama ghafla katikati ya kazi mara nyingi haijaharibika. Imezuiwa isiharibike.

Dada yangu alikuwa ameshabonyeza swichi labda mara ishirini, akitumaini ya ishirini na moja itakubali. Kumbe kila akibonyeza, yule mlinzi wa joto anapashwa upya. Ushauri wangu wa kwanza kwa hiyo ulikuwa wa kivivu: toa betri, laza mashine, chemsha chai, unywe hadi mwisho. Nusu saa, hata saa nzima. Nimeona brashi zikifufuka baada ya chai.

Wakati chai inachemka, kuna mambo matatu madogo ya kuangalia. Baadhi ya mashine zina kitufe cha kuzima brashi kwa ajili ya sakafu ya vigae, na vidole vya watoto havijui kitufe hicho ni cha nini. Nyingine huzima brashi zenyewe kichwa kikiinuliwa sakafuni, kwa usalama, kwa hiyo ukikigeuza juu ili uone kama inazunguka, utajidanganya. Na kama brashi husimama kwenye lile zulia la manyoya marefu la sebuleni, kisha ikazunguka bila shida kwenye vigae, basi huna ugonjwa, una zulia. Punguza nguvu ya kuvuta au inua kichwa kidogo, maana kikinyonya sana hujigandisha kwenye manyoya na brashi ikashindwa kusogea.

Pete nyeusi

Chai iliisha, brashi haikufufuka. Tukahamia kwenye simu ya video.

Nilimwambia achomoe kichwa kwenye bomba. Kikishachomolewa hakina umeme kabisa, kwa hiyo vidole viko salama. Kisha azungushe brashi kwa mkono na aniambie anahisi nini. Kipimo hicho hakihitaji kifaa chochote, na kina majibu matatu. Ikizunguka kwa uzito kidogo, laini, huku ukihisi mota inaburuzwa nyuma yake, upande wa mitambo ni mzima na shida iko kwenye umeme. Ikizunguka kwa wepesi mno, kama gurudumu lililochomoka, mkanda umekatika au umeisha meno. Na ikiwa nzito, au inakwaruza, au haisogei, kuna kitu kimeikamata.

"Ni nzito," akasema. "Lakini brashi ni safi, nimeiangalia. Nywele tatu nne tu."

Hapo ndipo nilipojua. Nywele zinazoonekana katikati ya brashi si tatizo kubwa. Zinazoua ni zile zilizotambaa hadi kwenye ncha, ambako brashi imekaa juu ya beringi. Nilimwambia atafute kifuli cha ubavuni, kile chenye mfuo, aingize sarafu ya shilingi kumi na kuzungusha robo. Brashi ikachomoka. Akavuta kofia ya plastiki ya mwisho, ikagoma, akaivuta tena, ikatoka kwa kishindo. Chini yake kulikuwa na pete nyeusi, ngumu, inayong'aa kama iliyopakwa vanishi.

"Hii ni nini?"

"Rasta."

Mabinti zake wawili walikuwa wamefumuliwa nywele Ijumaa usiku, mbele ya runinga, juu ya zulia. Katika nyumba nyingi za Nairobi hakuna adui wa brashi anayemshinda huyu, wala sidhani wanaoandika vitabu vya maelekezo wamewahi kumfikiria. Wao huonya kuhusu nywele ndefu na manyoya ya mbwa. Nywele za mtu zikikazwa sana hukatika. Nywele za bandia ni nyuzi za plastiki: hazina haraka ya kukatika. Zinajisokota, zinajikaza, zinajisogeza kidogo kidogo kuelekea ncha, na zikianza kusuguana na beringi zinapata joto mpaka zinayeyuka na kugandana. Pete ile haikuwa uchafu tena. Ilikuwa breki.

Kisu sikumruhusu. Kisu hukwangua ukingo wa kofia na kukata safu za bristo, yaani zile nyuzi za brashi yenyewe, pamoja na nywele. Alikuwa na cherehani, basi nikamwambia achukue kile kidude cha kufumulia mshono, chenye mdomo wa uma na makali katikati. Unakichomeka chini ya nywele, sambamba na mhimili wa brashi, na kukata kwa urefu badala ya kuzungukia. Ile pete iliyoyeyuka ilitaka uvumilivu: kata mahali pawili, kisha ibandue vipande vipande kwa kucha. Ilimchukua kama dakika kumi na tano, na katikati ya kazi alinilaza simu kifudifudi kwenye zulia, kwa hiyo sehemu hiyo niliisikia tu.

Beringi ikiwa wazi, iweke kwenye ncha ya kidole kidogo na uizungushe. Nzima huzunguka kimya. Ikikwaruza kama kuna mchanga ndani, vumbi limeshaingia, nayo ni ya kubadilishwa. Ina vipimo vyake na duka la beringi litaijua kwa kuiona. Usiitie mafuta ya kupikia. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuyatia. Mafuta na lile vumbi jekundu la upande wa Kiambu Road vinatengeneza uji ambao baada ya wiki mbili ulikuwa umenikwamisha kabisa. Nyingi za beringi hizi zimefungwa kiwandani zikiwa na grisi yake na hazitaki nyongeza.

Na maji? Brashi nyingine zinaruhusiwa kuoshwa, hasa zile laini za sakafu ngumu, mradi hazina mota ndani na zikaushwe saa 24 nzima zikiwa zimesimamishwa. Mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa haijaona jua siku nne, zipe siku mbili. Kichwa chenyewe, chenye mota na nyaya, usikitumbukize kwenye karai. Kifute.

Kufuata umeme

Brashi ikarudishwa mahali pake. Sasa ilizunguka laini kwa mkono, mota ikiburuzwa nyuma kama inavyotakiwa. Dada akaunganisha kila kitu, akabonyeza. Mngurumo. Brashi, kimya.

Wengi wangekata tamaa hapa na kumrudia fundi wa kichwa kipya. Lakini mashine moja inaweza kuwa na kasoro mbili, na mara nyingine ya kwanza huwa imeificha ya pili. Upande wa mitambo ulikuwa umeshajibu. Kilichobaki ni kuuliza umeme unaishia wapi kati ya betri na mota, na njia ya haraka ya kuuliza ni kuikata safari katikati.

Nilimwambia atoe bomba na apachike kichwa moja kwa moja kwenye mwili wa mashine, kama anasafisha kiti cha gari. Mashine nyingi zinakubali hivyo. Jaribio hili la sekunde tano lina thamani kuliko kifaa chochote nilicho nacho. Brashi ikizunguka, basi betri, swichi, sakiti, shingo na mota vyote ni vizima kwa mkupuo mmoja, na mkosaji ni bomba. Isipozunguka, bomba linatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Akabonyeza. Nilisikia vigelegele vya watoto kabla ya sauti ya brashi.

Kama isingezunguka, jaribio la pili lilikuwa tayari. Mashine nyingi huja na kichwa kidogo cha makochi na magodoro, nacho kina brashi na mota yake. Kipachike mwilini. Kikizunguka, mwili unatoa umeme vizuri na ugonjwa uko ndani ya kichwa kikubwa. Kikikataa nacho, shida iko juu, kwenye mwili au betri, na kununua kichwa kikubwa kipya kungekuwa kutupa pesa. Hayo ndiyo majaribio ambayo fundi wa picha hakuyaomba.

Kesho yake nikitoka kazini nilipita kwa dada. Bomba lilikuwa na tundu la pini mbili mdomoni. Moja imesimama, ya pili imezama ndani kama jino lililovunjika. Pini hizi zina springi nyuma yake. Vumbi likiingia pembeni na likakutana na unyevu, pini inanata chini na haigusi tena mwenzake. Na unyevu haukuwa wa kutafuta: bomba lilikuwa likiwekwa bafuni, limeegemezwa ukutani kando ya ndoo ya mopu.

Niliishika pini kwa kibano, nikaivuta taratibu, nikaipaka spiriti ya hospitali kwa pamba ya masikio, nikaisukuma na kuiachia mara kumi hivi mpaka ikawa inarudi yenyewe. Kazi hiyo fanya betri ikiwa imetolewa, maana kibano cha chuma kikigusa pini zote mbili upande wa mwili huku swichi ikiwa imebonyezwa, unaunguza sakiti. Volti 21 hazitakuumiza wewe, lakini zinatosha kuiumiza mashine. Msasa usitumie, ile rangi ya dhahabu juu ya pini ipo kwa sababu, na ukiikwangua kutu itakuja haraka zaidi.

Ikishindikana hapo

Tuseme ya kwako si nywele wala pini. Mita ya umeme ya kawaida, ile ya bei rahisi inayouzwa Luthuli Avenue, inakusogeza mbele. Iweke upande wa volti za betri, bonyeza swichi ya mashine, gusa pini mbili za mwili. Betri ya seli sita iliyojaa itasoma karibu volti 25, iliyotumika 21 au 22. Ya seli saba hufika volti 29 hivi ikiwa imejaa. Ukisoma hivyo juu, kisha sufuri chini ya bomba, bomba limekatika ndani. Tahadhari moja: baadhi ya mashine za kisasa hazimwagi umeme kwenye pini mpaka zihisi kichwa kimepachikwa, na nyingine huutoa kwa vipigo vya haraka ambavyo mita rahisi haivisomi sawasawa. Kwa hiyo mita ikisema sufuri, usihukumu. Rudi kwenye majaribio ya kubadilisha vichwa, hayo hayadanganyi.

Kasoro ninayoipenda kuliko zote, kama mtu anaweza kuipenda kasoro, ni ya shingo. Waya wa shingo unapindwa kila unapoingia chini ya meza, mamia ya mara kwa mwezi, na siku moja nyuzi zake za shaba hukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Dalili yake haifanani na nyingine: brashi inazunguka ukilaza kichwa upande mmoja, inasimama ukikinyoosha. Ukiona hivyo usisumbuke na kitu kingine. Fundi yeyote mwenye chuma cha kulehemu anafungua shingo, anakata kipande kibovu na kuunga waya mpya laini. Mwambie atumie waya wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ule mgumu wa uzi mmoja atakaokuwekea kwa haraka utakatika tena mapema.

Mkanda ukikatika hauna siri. Mipya huuzwa, na wa zamani huwa umeandikwa namba mgongoni. Beba vipande vyake ukanunue wa idadi ileile ya meno na upana uleule. Nimeona mtu ameweka mpira wa kufungia pesa. Ulidumu chumba kimoja.

Mota yenyewe huzeeka pia. Zile za kawaida zina vipande viwili vya kaboni vinavyosugua vibati vya shaba vilivyo kwenye mhimili na kupelekea umeme ndani, navyo huisha. Ukigonga kichwa kidogo kwa kiganja na brashi ikaamka kwa sekunde kadhaa kisha ikalala, kaboni ndiyo mshukiwa mkuu. Mota ndogo za aina hii mara nyingi hupatikana, mradi volti, urefu wa mhimili na jino la gia vilingane. Ndiyo maana fundi mzuri atataka kuiona ya zamani kabla ya kukutajia bei.

Betri nimeiacha nyuma makusudi, kwa kuwa wengi huishuku mapema mno. Betri iliyochoka kweli inaweza kuzima brashi: inapobebeshwa mota mbili kwa pamoja volti zake zinaanguka, sakiti inaogopa na kukata. Lakini betri hiyo itajisaliti kwa njia nyingine, kwa mfano kuisha dakika chache baada ya kujaa, au mashine nzima kuwaka na kuzima kwa mapigo. Mapigo hayo, kwa njia, huletwa pia na bomba lililoziba au chujio lililojaa saruji ya jengo la jirani, kwa hiyo safisha kwanza. Kama ni betri kweli, usiifungue mezani kwako. Seli za lithiamu zikichomwa na bisibisi zinawaka moto ambao hauzimiki kirahisi, na fundi anayezibadilisha anatakiwa kuziunga kwa mashine ya kuchomea vibati, siyo kuzikandamiza chuma cha kulehemu. Iliyovimba usiichaji tena, wala usiitupe kwenye pipa la takataka la ploti. Mtaani Utawala, Nairobi, kuna kituo cha WEEE kinachopokea taka za kielektroniki.

Ukienda kwa fundi baada ya yote hayo, beba mwili, bomba na vichwa vyote viwili, hata kama unajua kibovu ni kimoja. Usimwambie "brashi haizunguki." Hilo ataliona. Mwambie ulichojaribu na kilichotokea: bila bomba inazunguka, na bomba hapana. Sentensi hiyo inamwondolea nusu ya kazi, na inamjulisha pia kwamba hadithi ya kichwa kipya atalazimika kuieleza vizuri.

Dada yangu sasa anafumua rasta za watoto juu ya leso iliyotandikwa, na bomba limehama bafuni. Miezi miwili baadaye simu yake ikaingia tena, Jumapili jioni vilevile.

"Kaka, brashi imesimama."

"Umetoa nywele?"

"Nimetoa. Na chai nimekunywa. Bila bomba, haizunguki. Ile ndogo ya makochi inazunguka."

"Basi ni kichwa."

"Najua ni kichwa. Nikikilaza kushoto inazunguka, nikikinyoosha inasimama. Nataka tu kujua, fundi nimwambie ni waya wa shingo, au nimwache atafute mwenyewe nione kama anajua kazi?"